Usiufiche mche jua hadi siku ya kupandikiza

Goma iko kusini kidogo mwa ikweta, mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila upandapo mita 1,000. Kwa hiyo kabichi ya Kibumba, karibu na Goma, huipata kwa wingi kuliko ya Mombasa iliyo pwani. Upepo wa baridi wa Ziwa Kivu huwadanganya wengi, kwani ubaridi haupunguzi mionzi.

Mionzi hiyo huharibu vinasaba vya seli. Mmea hauwezi kukimbilia kivulini, basi hujitengenezea kinga: flavonoidi, kemikali zinazokaa kwenye ngozi ya jani, zikainasa mionzi na kuuacha mwanga wa kutengenezea chakula upite. Mwaka 2011 wanasayansi walieleza jinsi protini iitwayo UVR8 inavyoihisi mionzi na kuamsha kazi hiyo. Kumbe kinga huongezeka pale mmea unapoguswa na jua, na mche uliolelewa nyuma ya kioo au chini ya shitingi muda wote huingia shambani na kinga hafifu.

Siku saba hadi kumi kabla ya kupandikiza, toa miche ya nyanya, kabichi au pilipili nje. Anza na jua la saa mbili hadi saa nne asubuhi, kisha ongeza saa kila siku mpaka izoee hata la adhuhuri. Siku za mwisho acha kabisa urea: nitrojeni nyingi hunenepesha majani laini yenye flavonoidi chache. Pandikiza jioni, tena ukiweza siku ya mawingu, na kwa siku mbili tatu za mwanzo kinga miche kwa majani ya mgomba.

Mche ukinyauka mchana na kuamka jioni, hilo ni joto na kiu. Mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo hupata joto sana, kwa hiyo funika udongo kwa nyasi. Mionzi huacha majani yenye rangi ya shaba, magumu, yaliyojikunja.

Kuna wanaoponda majani na kunyunyizia miche maji yake wakitaraji kinga. Binafsi sishauri hivyo: flavonoidi hufanya kazi zikiwa ndani ya ngozi ya jani, na hizo za nje mvua moja huzisafisha.

Jani lililokwisha kuungua haliponi. Usiung'oe mche kwa sababu hiyo. Subiri majani mapya, hayo ndiyo yatakayokuambia kama mche umezoea jua.