SOMO LA WIKI: Ucheshi wa dukani na hesabu yake

Mfanyabiashara wa mchele aliyezungukwa na wenzake watano, wote wakiuza mchele ule ule walionunua kwa mwenye jumla yule yule, anabaki na vitu viwili tu vya kumvuta mteja: bei, na yeye mwenyewe. Wengi hukimbilia bei. Wiki hii tunaangalia kwa nini ni afadhali kuanza na yeye mwenyewe, yaani jina la duka, maneno na ucheshi wa mwenye duka, na pia ni wapi ucheshi huo unapaswa kukoma.

Bei hukata wapi?

Tuchukue mfano. Muuzaji amenunua gunia la kilo 100, na pamoja na usafiri kila kilo imemgharimu shilingi 2,700. Anauza shilingi 3,000. Faida yake ghafi ni shilingi 300 kwa kilo, sawa na 30,000 kwa gunia. Jirani anashusha bei, naye anafuata kwa kupunguza shilingi 100 tu. Faida inashuka hadi 20,000. Ili arudi alipokuwa, ni lazima auze gunia moja na nusu kwa muda ule ule aliokuwa akiuza gunia moja. Amepunguza bei kwa asilimia 3 hivi, lakini amepoteza theluthi ya faida.

Nyongeza nayo ina gharama. Gramu 20 zinazoongezwa juu ya kila kilo humaliza karibu kilo 2 za gunia zima, yaani kama shilingi 6,000. Hiyo ni moja ya tano ya faida, na mteja akifika nyumbani hakumbuki kama alipewa.

Mchezo unaopimika

Mwenye duka anayeanza leo anaweza kufanya vingine. Aandike kitendawili kwa chaki kwenye ubao mlangoni kila asubuhi. Mteja wa kwanza aliyenunua kilo 5 na akakitegua apewe robo kilo bure. Zawadi ni moja kwa siku, sawa na shilingi 750. Gunia likiisha kwa siku tano, mchezo umegharimu shilingi 3,750, na watoto wanaotumwa dukani wamekipeleka kitendawili hadi majumbani. Hata hivyo, wateja waliokwisha kuzoea nyongeza wasinyimwe ghafla; watahesabu kuwa wamepunjwa.

Somo la kanga

Jambo hili si geni kwetu. Kanga mbili za pamba ile ile zinaweza kulala kwenye rafu moja, mnunuzi akachagua moja kwa sababu ya jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini. Kwa mchapaji, maneno matamu na maneno yaliyopooza yana gharama moja. Mjini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, lilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla" kwenye kanga zake. Maneno ya kanga humchekesha au kumchoma mtu, lakini ile alama inamwambia mnunuzi nani wa kuulizwa kitambaa kikichuja. Duka linalotaka kuwa na sura yake linahitaji vyote viwili.

Mipaka

Utani wetu una kanuni. Wangoni na Wahehe, ambao wazee wao walipigana vita katika karne ya 19, leo ni watani, na mtani hakasiriki. Asiye mtani wako ana haki ya kukasirika. Kwa hiyo mteja mgeni asalimiwe kwa heshima kwanza. Mzaha usubiri mpaka yeye mwenyewe auanzishe. Umbile la mtu, dini yake, na deni lake mbele ya watu si vitu vya kuchekea.

Mambo matatu yasichezewe kamwe: mizani, chenji na daftari la madeni. Mteja akicheka huku kilo imepungua, ucheshi wote wa nyuma atauona kuwa ulikuwa njia ya kumpumbaza. Kadhalika, "rafiki yangu" asipewe mkopo kwa sababu tu ya urafiki wa maneno. Mcheshi ndiye hukopwa zaidi, kwa sababu wateja wanajua ataona haya kudai.

Si kila mtu ni mcheshi, na hakuna haja ya kujilazimisha. Mwenye duka mkimya anayekumbuka kwamba mama fulani hupendelea mchele usio na harufu, akamwekea kando kilo zake, ana haiba inayouza kuliko kelele.

Zoezi

Kuna hatari moja ya mwisho: duka linalotegemea haiba ya mtu mmoja hulala siku anayougua. Chukua daftari, piga mistari ya safu tatu: mauzo ya siku, gharama ya zawadi na nyongeza, na nani alikuwa dukani. Jaza kwa wiki nne. Kama siku za msaidizi zinashuka sana, mfundishe majina ya wateja na desturi za duka kabla hujanunua gunia jingine. Kama gharama ya mchezo imezidi faida ya mauzo yaliyoongezeka, futa ubao. Mchezo usiolipa ni sadaka, na sadaka hutolewa kwa faida, si kwa mtaji.