Makaburi ya Kunduchi na Picha za Misri

Habari za maziko ya Wamisri wa kale mmezisikia tangu utoto, maana Kitabu cha Mwanzo chatueleza ya kwamba maiti ya Yusufu ilitiwa dawa isioze, ikawekwa katika sanduku huko Misri. Wengi wamesikia pia habari za wafalme wao na dhahabu yao. Lakini watu wa cheo cha kadiri nao walichimba makaburi katika miamba, wakayapamba kwa rangi, nayo hayajulikani sana. Twapenda kuwaeleza habari za mmoja wao, kisha tuwalete karibu na nyumbani.

Mtu huyo aliitwa Nebamun. Alikuwa karani wa kuhesabu nafaka ya hekalu la Amun katika mji wa Thebes, yapata mwaka wa 1350 kabla ya kuzaliwa Kristo. Maiti za Wamisri ziliwekwa chini, mlango ukazibwa, bali juu kiliachwa chumba ambamo jamaa waliweza kuingia na kuleta vyakula na kumkumbuka marehemu. Chumba cha Nebamun kilipakwa lipu, na juu ya lipu mafundi wakaandika picha: ng’ombe na bata bukini wakihesabiwa, karamu yenye wapiga zumari na wachezaji, na Nebamun mwenyewe amesimama katika mtumbwi wa mafunjo akiwinda ndege, pamoja na mkewe na binti yake, na paka aliyekamata ndege kwa makucha yake. Manyoya ya paka yule yameandikwa kwa ustadi hata mtu adhani akiyagusa atayasikia laini.

Katika mwaka wa 1820 Mgiriki mmoja, jina lake Giovanni d’Athanasi, aliyefanya kazi kwa balozi Mwingereza Henry Salt, alikiona chumba hicho. Picha zilikatwa kutoka ukutani vipande vipande, zikapelekwa London, na leo zimo katika nyumba ya makumbusho iitwayo British Museum. Lakini d’Athanasi hakuacha habari kamili ya mahali alipozikata, akafa mwaka wa 1854. Hata leo hapana ajuaye kaburi lile li wapi. Picha zipo, kaburi limepotea.

Basi msidhani ya kwamba mambo haya ni ya Misri tu. Mtu atokaye Mbezi Beach akishika barabara ya Bagamoyo kuelekea kaskazini hufika Mtongani, na hapo akipinda kuelekea baharini hufika Kunduchi. Wengi hupita huko kila juma wakienda pwani kuburudika au kununua samaki, wasijue ya kuwa karibu nao, chini ya mibuyu, pana magofu ya msikiti uliojengwa zaidi ya miaka 400 iliyopita, na mbele yake makaburi ya karne ya 18 na ya 19. Makaburi mengine yana nguzo ya mawe iliyosimama kichwani pa kaburi. Nguzo za namna hii zaonekana mahali pengi katika mwambao wa Waswahili: Kaole karibu na Bagamoyo, Malindi na Mambrui katika Kenya, na kuendelea hata pwani ya Somalia. Zamani wageni walipenda kusema ya kwamba kazi hii ni ya Waarabu au Waajemi, kana kwamba wenyeji hawakuwa na mikono. Leo wenye elimu ya mambo ya kale wamekwisha kuonyesha ya kwamba miji hii ilikuwa ya Waswahili wenyewe, Waislamu waliofanya biashara na nchi za ng’ambo.

Sasa tutazame jinsi zilivyojengwa. Mawe ni matumbawe. Mengine yalichimbwa nchi kavu. Mengine yalitolewa baharini yakiwa bado mororo, yakachongwa upesi kabla ya kukauka na kuwa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo. Ukuta ulipokwisha kujengwa, waashi waliupaka lipu ya chokaa, na lipu ingali mbichi walitia ndani yake mabakuli na sahani za kisini, uso wa chombo ukitazama nje.

Hapa ndipo twaona tofauti na Misri. Rangi ya Wamisri ilipakwa juu ya lipu kavu, nayo imedumu kwa sababu nchi yao haina mvua na chumba kilikuwa ndani ya mwamba. Picha ya namna hiyo ikiwekwa nje pwani kwetu, masika machache yangeifuta. Lakini katika chombo cha kisini chenye maua ya buluu, fundi huandika picha kwanza, kisha huipaka maji ya kioo juu yake, na vyote huchomwa pamoja kwa moto mkali. Kwa hiyo picha imo chini ya kioo, wala jua na mvua haviifikii. Twadhani waashi wa pwani walilitambua jambo hili vema. Vyombo vilisafiri kutoka China, vikapitia bandari za Bara Hindi na Uarabuni, hata vikafika huku na majahazi ya kaskazi.

Tena bakuli lile si pambo tu. Makaburi mengi hayana maandishi. Takwa, katika kisiwa cha Manda, lipo kaburi la nguzo lenye mwaka wa 1094 wa Hijra, yaani 1683 hivi; na Gedi lipo moja lenye mwaka wa 802, yaani 1399. Lakini penye kaburi lisilo na tarehe, chombo ndicho shahidi. Wajuao vyombo vya kisini huweza kutambua kwa rangi, kwa maua na kwa kitako chake kilifanywa zamani za nani. Tuseme bakuli lilifanywa mwaka wa 1750. Basi lipu iliyolishika haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo. Yaweza kuwa ya baadaye, maana huenda bakuli lilikaa miaka mingi katika kidaka cha nyumba, likirithiwa na watoto, kabla halijatiwa ukutani. Ushahidi huu una mpaka wake, lakini pengine hatuna mwingine.

Ushahidi wenyewe wadumu wakati chombo kikiwa mahali pake tu. Katika magofu mengi ya pwani mabakuli yamebanduliwa kwa visu na tindo, na mara nyingi yamevunjika katika kubanduliwa, mwizi akaondoka na vigae. Hata lile litokalo zima, likiisha kuwekwa katika kabati ya mtu, halisemi tena ni la kaburi gani. Limekuwa kama picha za Nebamun, ila halina hata jina. Serikali ilitunga sheria ya mambo ya kale mwaka wa 1964 kulinda mahali pa namna hii, lakini mji umekua, nyumba zimezunguka pande zote, na sheria haina macho ya usiku.

Walimu watakaopeleka darasa Kunduchi na waombe ruhusa kwanza kwa wasimamizi, na watoto wafundishwe ya kwamba hapo ni maziko ya watu, wasikanyage makaburi wala kupanda juu ya kuta. Wachukue karatasi, kalamu na kamba ya kupimia. Kila kikundi kichague kaburi moja, kiandike upande wa ukuta na kimo cha kila chombo kilichobaki. Kisha kitafute mashimo ya mviringo yaliyo matupu, maana nayo husomeka: upana wa shimo ni upana wa chombo, na mara nyingine katikati ya lipu pamebaki duara dogo. Hiyo ndiyo alama ya kitako cha bakuli, siku mwashi alipolisukuma ndani kwa kiganja chake.