Michezo ya Video Inayotumia Mwili: Je, Ni Mazoezi ya Kweli?

Katika michezo mingi ya video mchezaji huketi na kusogeza vidole tu. Ipo, hata hivyo, aina inayomtaka asimame, aruke, arushe mikono au acheze dansi ili mchezo uendelee. Mwaka 1998 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa Dance Dance Revolution, ambao mchezaji hukanyaga mishale jukwaani kwa kufuata muziki. Mwaka 2006 ikafuata Wii ya Nintendo, na mwaka 2010 Kinect ya Microsoft, iliyoufuatilia mwili kwa kamera. Vifaa hivyo viliingia sebuleni, kisha katika vyumba vya utengamao hospitalini. Swali linalomhusu mhudumu wa afya na mgonjwa ni hili: je, mchezo huo wahesabiwa kuwa mazoezi?

Kipimo cha mazoezi

Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku. Mwongozo hauchagui aina ya mazoezi. Unachotazama ni jinsi moyo na misuli vinavyofanyishwa kazi.

Njia rahisi ya kupima ni mazungumzo. Anayefanya mazoezi ya wastani huweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Anayefanya mazoezi makali husema maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi. Anayecheza huku akiimba bila shida bado hajafikia kiwango kinachotakiwa.

Tafiti zinasema nini

Mwaka 2007 watafiti wa Liverpool, Uingereza, waliwapima vijana 11 wa miaka 13 hadi 15. Walipocheza tenisi na ndondi za Wii, walitumia nguvu nyingi kuliko walipocheza mchezo wa kuketi, lakini chache kuliko ambazo zingetumika katika michezo yenyewe uwanjani.

Nchini New Zealand, watoto 322 wenye uzito uliozidi walifuatiliwa kwa wiki 24, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Waliopewa michezo hii walipata nafuu ya uzito, ingawa ilikuwa ndogo.

Utafiti wa Houston, Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, unatoa onyo. Watoto wa miaka 9 hadi 12 walipewa ama michezo ya kutumia mwili ama ile ya kuketi, wakaachwa wacheze wapendavyo nyumbani kwa wiki 13. Vipima mwendo walivyovaa havikuonyesha tofauti baina ya makundi hayo mawili. Yawezekana waliocheza kwa nguvu walipumzika zaidi saa nyingine, au walijifunza kuupata ushindi kwa kutikisa kiwiko tu. Kuwa na kifaa nyumbani, basi, si sawa na kufanya mazoezi.

Kwa wagonjwa wa kiharusi, utafiti mkubwa ulichapishwa mwaka 2016 ukiwahusu wagonjwa 141 wa nchi nne. Wote waliendelea na matibabu ya kawaida ya utengamao. Juu ya hayo, nusu yao walicheza Wii, na wengine walicheza karata, bingo na michezo mingine ya mikono. Makundi yote mawili yalipata nafuu ya mkono, wala hakuna lililolishinda jingine. Kituo kisicho na kifaa hiki kisijione kimepungukiwa: karata, mpira mwepesi au kete za bao vyaweza kuufanyisha mkono dhaifu kazi, mradi mgonjwa arudie zoezi mara nyingi na kwa uangalizi.

Namna ya kushauri

Mhudumu aulize kwanza mgonjwa anapenda nini na ana nini. Mzee asiyeweza kutembea nje, au kijana aliyekwisha kuzoea kuketi mbele ya luninga, aweza kuanza na mchezo huu kwa dakika 10, kisha aongeze kidogo kidogo. Apangiwe siku na muda. Asiachiwe hiari peke yake. Mwenye uwanja, njia salama au kamba ya kuruka hana sababu ya kununua kifaa.

Tahadhari zizingatiwe:

– Nafasi iwe wazi, bila mkeka unaoteleza wala meza karibu.
– Mwenye mizani dhaifu ashike kiti imara, na mtu awe kando yake.
– Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuanza, na awe na kitu kitamu karibu.
– Mwenye kifafa apate ushauri wa daktari, kwa kuwa mwanga unaowaka na kuzima upesi waweza kumletea degedege.
– Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida yakitokea, mchezo usimamishwe mara moja na mgonjwa apelekwe kituoni.

Baada ya wiki nne mhudumu na mgonjwa wapitie pamoja dakika zilizofikiwa. Zikiwa chache, mpango ubadilishwe: mchezo ubaki burudani, na kutembea kwa haraka kuchukue nafasi ya zoezi.