Papasi Si Kupe: Asili na Maana za Majina ya Buibui na Jamaa Zake

1.0 Utangulizi
Wanabiolojia huwaweka buibui, nge, kupe, papasi na utitiri katika kundi moja, araknida, kwa kuwa wakomaapo wana miguu minane. Kiswahili hakikujali idadi ya miguu. Makala haya yanadai kwamba majina haya hutenganisha viumbe kwa makao yao na kwa namna wanavyomdhuru mtu, na kwamba utengano huo una thamani ya kitaaluma.

2.0 Asili
Buibui na kupe ni maneno ya Kibantu. Linganisha buibui na mbũmbũi ya Kigikuyu na nnabbubi ya Kiganda. Kupe na nkhupakupa ya Kichewa. Kando ya nge, Kiswahili kilikopa akrabu kutoka Kiarabu, neno ambalo maana yake ilihamia kwenye mshale wa saa na kwenye buruji za falaki. Kuhusu papasi, inavutia kulinasibisha na kitenzi papasa; hata hivyo, mfanano wa umbo pekee si ushahidi wa asili.

3.0 Maana
Upatanisho wa kisarufi hubainisha maana: buibui huyu amefuma utando, lakini buibui hili (vazi) limechakaa. Kupe naye, katika siasa za Ujamaa zilizofuata Azimio la Arusha la 1967, aliitwa mnyonyaji. Kwa nini hakuchaguliwa papasi, ilhali wote hufyonza damu? Kwa sababu kupe hugandama mwilini kwa siku kadhaa. Papasi hushiba kwa muda mfupi, akarudi mafichoni. Sitiari ilifuata mpaka uliokwisha kuchorwa na lugha.

4.0 Kilimatinde
Mpaka huo si wa kamusi tu. Kilimatinde, wilayani Manyoni, iko katika nchi ya Wagogo, ambao nyumba yao ya jadi ni tembe la udongo. Nyufa za kuta na vumbi la sakafu ndiyo makao ya papasi, anayeeneza homa ya papasi, ugonjwa ambao Robert Koch aliuchunguza katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1905. Mfasiri wa maandishi ya afya akiandika “kupe” tu, atampeleka msomaji zizini, ilhali hatari imo chini ya kitanda.

5.0 Hitimisho
Fasili ya kamusi isemayo “papasi: aina ya kupe” ni sahihi kibiolojia, lakini ni pungufu kisemantiki. Yafaa itaje makao na tabia, kwani ndiyo maarifa ambayo wasemaji waliyahifadhi ndani ya jina.