Afya ya Familia: Muuza Dawa Akishakudanganya

Msimu wa korosho, fedha zikiingia Mtama, wauza dawa nao huingia. Chupa moja, wanasema, hutibu kisukari, presha na UKIMWI.

Wapendwa wasomaji, tukumbuke mwaka 2011: maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, na wako walioacha ARV wakaugua vibaya. (Yule mzee hatumhukumu, huenda aliamini alichosema.)

Lakini mtu anayekukataza vidonge vya hospitali, na kipimo anakikimbia, huyo usimwamini tena. Kumsamehe ni wajibu wetu. Kumkabidhi tena mtoto mgonjwa si sehemu ya msamaha. Yoshua bin Sira, sura ya 6, anashauri hata rafiki ajaribiwe kwanza.

Chupa yake msiitupe. Ipelekeni pamoja na mgonjwa Hospitali ya Nyangao, daktari aione.