Kwa Nini Panya Husafishana?

Je, umewahi kumtazama panya aliyetulia? Hukaa juu ya miguu yake ya nyuma, akailamba ile ya mbele, kisha akapangusa pua, uso na masikio. Baadaye hulamba ubavu na tumbo, na mwisho mkia. Panya wanaokaa pamoja husafishana pia. Mmoja hutulia, na mwenzake humlamba na kumchambua manyoya ya shingoni, mahali ambapo mwenyewe hapafikii kwa ulimi. Kwa njia hiyo huondoleana uchafu na chawa.

Hakuna shule ya panya. Utaratibu huu ameurithi kwa wazazi wake, lakini umewekwa wapi mwilini?

Umekwisha kujifunza kwamba mwili umejengwa kwa chembe hai. Ndani ya chembe hai mna jeni. Jeni ni kama maagizo, na mtoto hupokea nusu yake kwa baba na nusu kwa mama. Jeni nyingi huiagiza chembe kutengeneza protini, na protini ndizo zifanyazo kazi nyingi za mwili.

Mwaka 2002 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, Joy Greer na Mario Capecchi, walitoa habari za panya wa ajabu. Panya hao walikuwa wameharibiwa jeni moja iitwayo Hoxb8. Protini ya jeni hiyo huwasha na kuzima jeni nyingine, kama mtu awashaye na kuzima taa. Basi panya hao walijisafisha kupita kiasi, hata wakang'oa manyoya yao na kujitia vidonda. Tena walipowekwa pamoja na panya wazima, waliwasafisha vivyo hivyo, nao wakanyonyoka. Fikiri taabu ya panya mzima aliyefungiwa na mwenzi wa namna hiyo!

Je, ngozi yao ilikuwa inawasha? Wataalamu waliichunguza, lakini hawakuona kasoro ya kueleza jambo hilo. Mwaka 2010 Capecchi na wenzake walieleza jaribio jingine, nalo lilihusu mifupa.

Ndani ya mfupa mna uboho. Huenda umewahi kuufyonza katika mfupa wa supu. Uboho ndio utengenezao chembe za damu. Wataalamu waliua uboho wa panya wagonjwa kwa mionzi, kisha wakawatia uboho wa panya wazima. Baada ya miezi michache manyoya ya wengi yaliota tena na vidonda vikapona. Kinyume chake, panya wachache wazima waliotiwa uboho wa wagonjwa walianza kujinyonyoa.

Damu inahusianaje na tabia? Katika ubongo mna chembe ndogo ziitwazo maikroglia. Hizo ni walinzi wa ubongo: hula vijidudu na takataka. Zina undugu na chembe nyeupe za damu, na Hoxb8 hufanya kazi katika ukoo wa baadhi yake. Jeni hiyo ikiharibika, panya bado anajua kujisafisha, ila hushindwa kuacha.

Hata hivyo, usiseme kwamba Hoxb8 ndiyo jeni ya kusafishana. Baiskeli isiyo na breki haisimami, lakini breki peke yake si baiskeli. Jeni nyingi hushirikiana katika tabia hii.

Jambo la kufanya

Mtazame paka akijisafisha. Andika anaanzia sehemu gani ya mwili na anamalizia wapi. Rudia siku tatu, kisha linganisha. Usimshike panya, kwani huweza kukuambukiza maradhi.

Maswali

1. Panya mzima aliyekaa na panya mgonjwa alinyonyoka manyoya. Je, jeni yake ilikuwa imeharibika? Eleza.
2. Kwa nini wataalamu waliichunguza ngozi kwanza?
3. Kwa nini ilifaa pia kuwatia panya wazima uboho wa wagonjwa?