Mdogo Wangu, Uliza Kwanza: Asilimia ya Nini?

Haya wadogo zangu, vuteni mkeka tukae, maana kuna jambo limenikaa rohoni. Mtihani wa kodi ukikaribia nawaona mnavyobadilika. Mtu aliyekuwa anacheka vizuri tu anaanza kulalamika tumbo. Daftari linafunguliwa, swali linasomwa nusu, kalkuleta inashikwa, namba zinazidishwa mbiombio, halafu jibu la nyuma ya kitabu linakataa. Basi unafunga daftari na kujiambia, "Mimi na hesabu wapi na wapi." Hapo ndipo ninapokukatalia. Kuzidisha unajua, kutoa unajua, na sokoni hakuna muuzaji anayeweza kukupunja chenji. Kinachokuponza ni kitu kimoja: ukiona asilimia unaipachika kwenye namba yoyote iliyo karibu, bila kujiuliza ni asilimia ya nini.

Ningependa uliandike swali hilo juu ya kila ukurasa wa daftari lako. Asilimia ya nini? Maana makosa karibu yote ninayoyaona kwenye mazoezi yenu, ya kodi ya mshahara na ya VAT, yanatoka hapo hapo. Wala usione haya. Wahasibu wazima wenye viti vya kuzunguka nao hujikwaa hapo.

Tuanze na mshahara, kwa sababu ndio unaowatia hofu zaidi. Tanzania Bara, tangu Julai 2021, kodi ya mshahara wa mwezi inakwenda hivi. Shilingi 270,000 za kwanza hazidaiwi kitu. Kinachozidi hapo mpaka 520,000 kinatozwa asilimia 8. Kinachozidi 520,000 mpaka 760,000, asilimia 20. Kinachozidi 760,000 mpaka 1,000,000, asilimia 25. Na kinachozidi milioni moja, asilimia 30. Sikiliza neno ninalolirudia: kinachozidi. Chukulia mitungi iliyopangwa mstari. Maji yanajaza mtungi wa kwanza, ukifurika ndipo yanaingia wa pili, na kilichomo kwenye wa kwanza hakiguswi tena. Kila mtungi una asilimia yake, na asilimia hiyo haina ruhusa ya kwenda kuchota mtungi wa jirani.

Sasa chukua kalamu. Mfanyakazi analipwa 800,000 kwa mwezi na anachangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10. Kodi yake ni ngapi? Wewe, nakujua, umeshakimbilia 800,000. Rudi. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii unaotambuliwa kisheria unatolewa kwanza, kodi inafuata. Kwa hiyo 800,000 toa 80,000, inabaki 720,000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi. Ipitishe kwenye mitungi taratibu. 270,000 za kwanza, bure. 250,000 zinazofuata kwa asilimia 8, ni 20,000. Zimebaki 200,000, hizo kwa asilimia 20, ni 40,000. Jumla 60,000. Mkononi anapokea 660,000.

Aliyesahau kutoa NSSF anapata 78,000. Mwalimu atampa alama za njia, sawa, lakini tuhamie ofisini. Siku moja wewe ndiye utakayeandaa mishahara, na hizo 18,000 za ziada zitakatwa kwa mtu mwenye watoto. Mwaka mzima ni 216,000. Hiyo ni ada, ni sare, ni bati za kumalizia chumba. Mwenzako hatajua kwa nini mwezi wake haufiki, atadhani yeye ndiye mbadhirifu. Nakwambia haya ili ujue kwamba namba unayoiandika haraka haraka ina mtu nyuma yake, na haraka haraka haina baraka.

Halafu kuna yule anayechukua asilimia 20 na kuipiga kwenye 720,000 zote, akapata 144,000. Huyu ndiye anayenisikitisha zaidi, kwa sababu kosa lake haliishii darasani. Anakua nalo, anaajiriwa nalo, na siku bosi akimwambia anaongezwa mshahara anaogopa. "Nikivuka daraja kodi itanimeza." Wapo watu wazima wanaosema hivyo kwa uchungu kabisa. Tupime. Mwenye 760,000 zinazotozwa kodi analipa 68,000. Mwongeze 20,000, afike 780,000. Hizo 20,000 tu ndizo zinazoangukia asilimia 25, yaani 5,000. Kodi inakuwa 73,000 na yeye anabaki na 15,000 zaidi ya jana. Hajamezwa. Kwa hiyo mdogo wangu, ukiongezwa mshahara, pokea kwa mikono miwili.

Mtaona vitabuni wameandika kwa mkato: 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi milioni moja. Ninyi mnazikariri hizo 20,000 na 68,000 na 128,000 kama majina ya vituo vya daladala, mkichanganya moja mmekwisha. Usizikariri kabla hujajua zimetoka wapi. Ni mitungi iliyokwisha kujaa. Asilimia 8 ya 250,000 ni 20,000. Ongeza asilimia 20 ya 240,000, ambayo ni 48,000, unapata 68,000. Ongeza asilimia 25 ya 240,000, ambayo ni 60,000, unapata 128,000. Ukiweza kuzijenga mwenyewe, hata ukisahau kwenye chumba cha mtihani utazijenga upya.

Na mkopo wa elimu ya juu je? Hapa mnanipinga sana. Mnasema, "Dada, kama NSSF inatolewa kabla ya kodi, na mkopo si nao unakatwa kwenye mshahara?" Unakatwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, lakini haupunguzi kodi. Ni deni lako unalolilipa kwa pesa iliyokwisha kutozwa. Kama yule wa 800,000 anadaiwa na Bodi ya Mikopo, na huo ndio mshahara wake wa msingi, makato ni 120,000. Kodi inabaki 60,000 ile ile, mkononi anashika 540,000. Najua inauma. Lakini ukilipanga kwenye hesabu mapema, hutaahidi nyumbani pesa ambayo haitafika.

Haya, tuingie dukani. VAT, Kodi ya Ongezeko la Thamani, kiwango chake cha kawaida Bara ni asilimia 18, Zanzibar asilimia 15, na ndugu zetu wa Kenya asilimia 16. Swali linakuja: kabati limeuzwa 236,000 pamoja na VAT, kodi iliyomo ni kiasi gani? Vidole vinawasha, unapiga 236,000 mara asilimia 18, unapata 42,480. Nakurudisha pale pale: asilimia 18 ya nini? Ya bei kabla ya kodi. Na 236,000 imeshabeba kodi ndani yake. Bei halisi ni mia, kodi ni kumi na nane, jumla mia na kumi na nane. Basi gawanya kwa 118 kisha zidisha kwa 18. Unapata 36,000, na kabati lenyewe ni 200,000. Hakiki: asilimia 18 ya 200,000 ni 36,000, ukijumlisha unarudi kwenye 236,000. Wa Zanzibar agawanye kwa 115 na kuzidisha kwa 15, wa Kenya 116 na 16. Swali likisema "kabla ya VAT", hapo ndipo unapozidisha moja kwa moja. Yote yamo kwenye maneno mawili ya swali, na hayo ndiyo maneno mnayoyaruka.

Sasa mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT. Amenunua bidhaa kwa 1,180,000 pamoja na VAT, akaziuza zote mwezi huo huo kwa 1,770,000 pamoja na VAT. Kodi ya mauzo aliyokusanya kwa wateja ni 270,000. Kodi ya manunuzi aliyokwisha kulipa ni 180,000. Anapeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) tofauti, 90,000. Faida yake ghafi ni 500,000, si 590,000 anazoziona kwenye droo. Zile 90,000 hazikuwa zake hata dakika moja, mteja amemkabidhi azifikishe.

Hapa nakaza sauti kidogo. Watu wamefunga maduka kwa sababu ya kutolielewa hili. Pesa inakaa kwenye droo, inaonekana nyingi, mtu ananunua pikipiki, anachangia harusi kwa heshima, halafu tarehe 20 ya mwezi unaofuata ritani ya VAT inadaiwa na droo haina kitu. Riba inaanza, adhabu inafuata, usingizi unapotea, na nyumbani hakuna anayeambiwa ukweli. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Itenge kodi siku ile ile inapoingia. Na kodi ya mishahara isikutoroke, yenyewe ni ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha.

Rudi kwenye zoezi, kuna mtego. Tuseme ameuza nusu tu ya bidhaa zile, kwa 885,000. Wengi wenu mtachukua nusu ya kodi ya manunuzi pia, ili ziendane. Hapana. Faida ndiyo inayosubiri bidhaa iuzwe, VAT haisubiri. Kodi ya mauzo ni 135,000, kodi ya manunuzi ni 180,000 yote, kwa hiyo mwezi huo hadaiwi, na 45,000 zinahamia mwezi unaofuata kumpunguzia mzigo. Lakini sharti awe na risiti halali ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi. Risiti ikipotea, haki ya kurudishiwa imepotea nayo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walisema kabla hata ya mashine hizi.

Tofauti nyingine inayowachanganya ni ya bidhaa zilizosamehewa na zile za kiwango cha sifuri. Zote mteja halipi VAT, kwa hiyo mnaziweka kapu moja. Mwenye kuuza mahindi yasiyosindikwa anauza bidhaa iliyosamehewa: hatozi VAT, na ile aliyolipa mwenyewe kwenye manunuzi ya biashara hiyo hawezi kuidai. Mwenye kusafirisha vitambaa vya batiki nje ya nchi anauza kwa kiwango cha sifuri: naye anatoza sifuri, ila ya manunuzi anaidai irudi. Mmoja anabeba gharama, mwingine anatuliwa. Ukizichanganya utamshauri mtu vibaya na bei zake zote zitakuwa za hasara.

Na tafadhali, wewe uliyefungua biashara ndogo mtandaoni, usianze kuandika "bei ni pamoja na VAT" ili uonekane mkubwa. Usajili wa lazima, tangu Julai 2023, unaanzia kwenye mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Asiyesajiliwa haruhusiwi kutoza VAT. Ukitoza, umechukua pesa ya watu kwa jina la serikali. Nakuonya kwa kuwa nakupenda. Viwango navyo hubadilika, kila Julai Sheria mpya ya Fedha inaweza kugusa namba hizi, kwa hiyo ukikutana na swali tazama ni la mwaka gani kabla hujalaumu jibu.

Najua wengine mmesoma mpaka hapa na bado moyo unadunda. Ni kawaida. Kuogopa kodi hakumaanishi huna akili, na aliyekosea mara nyingi akarudi kuuliza nampenda kuliko anayenakili jibu la rafiki. Kuuliza si ujinga. Jibu la kunakili litakupitisha Jumatatu na kukuumbua Ijumaa.

Basi usiku huu, kabla ya simu, nifanyie mawili. La kwanza: mshahara ni 1,300,000, NSSF asilimia 10; tafuta kodi na cha mkononi. La pili: jokofu limeuzwa 472,000 pamoja na VAT ya asilimia 18, tafuta kodi iliyomo. Majibu nakupa kabisa, kwani sikutegi: kodi ya mshahara ni 179,000 na mkononi 991,000, VAT ni 72,000. Ninachotaka ni njia. Kila unapoandika asilimia, andika pembeni yake ni ya kitu gani. Ukishindwa kuandika, weka kalamu chini, soma swali tena, na kalkuleta usiiguse mpaka uwe umejua.